Moja ya Kubeba

Jumatatu ya theluji, Kutaisi,
benki ikatuingizia lari 412.35,
bila jina, bila maelezo.
Shangazi Eteri alivaa miwani, akaivua,
akafungua daftari la wanaodaiwa unga:
madeni kumi na tisa, kwa penseli,
na hakuna hata moja la kiasi hicho.
Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa;
lakini hii ni mali iliyokuja,
daftari lipo,
na habari hatuna.

"Wewe si umesomea kompyuta?"
kwa sauti ile ya kumwambia mtu ashike ndoo.

Nikakaa juu ya gunia, kompyuta magotini.
Kwanza nikageuza lari zote kuwa tetri,
maana mashine haiijui vizuri sehemu ya kumi;
ukiipa nukta, huvuja chembe usizoziona.
41,235. Namba nzima, isiyo na ufa.

Nilianza kwa pupa:
chukua deni kubwa kuliko yote,
kisha kubwa linalotosha, kisha linalotosha tena.
230.10. 129.70. 41.15.
Zikabaki lari kumi na moja na tetri arobaini
mkononi, hazina wa kumlipia.

Basi nikaandika kazi inayojiita yenyewe kwa jina lake.
Kila deni ni mlango wenye swali moja:
umo, au humo?
Ikishajibu, inajiita tena mbele ya mlango unaofuata;
ikizidi, inarudi kinyumenyume,
inatua ilichobeba, inajaribu bila.
Milango ni kumi na tisa tu, nikamwambia shangazi,
lakini njia ni laki tano, ishirini na nne elfu,
mia mbili themanini na nane.
Akasema chai itapoa.

Haikupoa. Kabla sijainua kikombe
mashine ilikuwa na majibu matatu.

La kwanza: Guram, Nazibrola, na jiko la shule,
230.10 na 118.00 na 64.25.
La pili, watu sita wasiosalimiana.
La tatu lilimtia Zaira ndani, na shangazi akacheka:
"Zaira alipe? Kabla ya Pasaka?"
Yote matatu sawasawa, tetri haikupungua wala kuzidi,
nami nikajinyoosha kama fundi aliyemaliza paa.
Shangazi hakufuta jina lolote.
Alirudisha penseli sikioni.

Alhamisi akaja Malkhazi, mwoka mikate wa ng'ambo ya Rioni,
nyusi nyeupe, sijui kwa unga au kwa theluji.
"Zile pesa zilifika?
Deni langu la Novemba, la Januari,
na la marehemu Jemali.
Ndugu yangu asilale na deni."
Shangazi akapekua: 96.40. 187.25. 129.70.
Nikajumlisha kichwani. Nikajumlisha tena.
413.35.

Alipigia hesabu makaburini, alisema,
kwa kidole,
juu ya theluji iliyolala kwenye jiwe la Jemali.
Tetri zilimpa mia moja thelathini na tano;
akaandika thelathini na tano,
na ile moja ya kubeba
akaiacha palepale.

"Zimefika," shangazi akamjibu. "Zimefika zote."
Akachora mstari mara tatu,
kwenye jina la Jemali akakandamiza zaidi,
na mlango ulipofungwa akatoa lari kwenye mfuko wa aproni
akaitumbukiza katika kopo la chenji.
Ililia mara moja.

Usiku nikailegeza programu:
ikubali hata tofauti ya lari moja.
Majibu yakamiminika, mia sita na ushee,
skrini ikawa inapanda kama maziwa motoni.
La Malkhazi nililikuta la mia tatu na kumi na nane,
limekaa katikati ya mengine,
halina alama yoyote.